Wasiolala Wako Wangapi? Majibu ya Maswali Yaliyoingia Usiku

Nilipoomba maswali kuhusu kukosa usingizi, sikusoma tu mlichoandika. Niliangalia na saa mlizotuma. Mengi yaliingia kati ya saa saba na saa kumi usiku. Yupo aliyetuma nusu sentensi, akamalizia dakika arobaini baadaye, na nusu ya pili haikuhusiana kabisa na ya kwanza. Nimemwelewa. Nimechagua maswali tisa. Mimi si daktari wa yeyote kati yenu, ni mwandishi wa afya aliyewahi kukimbiwa na usingizi, akaanza kuusoma.

Nyumba nzima wanalala isipokuwa mimi. Hivi tatizo hili lina watu wangapi, au nina kasoro yangu peke yangu? (Mkeshaji)

Hauko peke yako, na takwimu zipo. Tena zipo nyingi mno. Makala hii itakwambia theluthi ya watu wazima, ile itasema mmoja kati ya kumi, nyingine asilimia 6. Msomaji anabaki akidhani wataalamu wanabahatisha. Hawabahatishi, ila kila mmoja ameuliza swali lake.

Chukua basi lenye abiria 60, watu wazima wa kila aina. Uliza: nani kati yenu hupata taabu kuupata usingizi, au huamka katikati ya usiku, au huamka mapema mno asiweze kulala tena? Watasimama kama 20. Hiyo ndiyo theluthi inayotajwa kila mahali. Sasa waambie waliosimama: wakae wote ambao mchana wao hauharibiki. Abaki yule ambaye kesho yake ana uchovu, hasira za karibu, usahaulifu na makosa kazini. Watabaki 5 hadi 9. Halafu weka masharti yote ya kitabibu: ni mara ngapi kwa wiki, limedumu muda gani, hakuna maradhi mengine yanayoeleza hali hiyo vizuri zaidi. Hapo utabaki na watu wanne, watano, pengine sita.

Basi ni lile lile na abiria ni wale wale. Maurice Ohayon, mtafiti wa usingizi, alilionyesha hili mwaka 2002 alipokusanya tafiti zipatazo 50 na kuzipanga kwa kufuata swali lililoulizwa: theluthi kwa dalili tupu, asilimia 9 hadi 15 dalili zinapogusa mchana, na asilimia 6 kwa waliotimiza vigezo vya ugonjwa. Miongozo ya siku hizi hutaja asilimia 6 hadi 10 kwa hao wa mwisho.

Mimi nikitakiwa kuchagua, huchukua lile kundi la katikati. Theluthi ni namba tamu sana kwa anayekuuzia godoro, na asilimia 6 inawaacha nje watu wengi wanaoteseka kweli. Mchana wako ndio shahidi mzuri kuliko usiku wako.

Tangu nihamishiwe idara nyingine, wiki ya pili hii silali vizuri. Nimeshaugua?

Bado. Mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, toleo la tano la mwaka 2013, unataka angalau usiku 3 kwa wiki, kwa muda usiopungua miezi 3. Toleo lililotangulia liliridhika na mwezi mmoja. Lipo pia sharti ambalo watu hulisahau: uwe ulipata nafasi ya kulala. Mzazi mwenye kichanga, mlinzi wa zamu mbili, mwanafunzi anayekesha na daftari, hao wamenyimwa usingizi. Wape kitanda na masaa manane, wataanguka kama gogo. Mwenye ugonjwa huu hupewa kitanda, giza na kimya, na bado macho pima.

Wiki mbili baada ya mabadiliko makubwa ni jambo la kawaida. Cha kuangalia ni utakachofanya ndani ya hizo wiki mbili. Hilo nimemjibu aliyeuliza kuhusu vidonge, huko chini.

Mume wangu akigusa mto tu kashalala. Mimi nahesabu mbao za dari. Ni kweli sisi wanawake tunateseka zaidi? (Mama Watatu)

Ni kweli. Uchambuzi mmoja uliojumlisha tafiti nyingi, uliotoka mwaka 2006, ulikuta kwamba uwezekano wa mwanamke kukosa usingizi ni takriban mara 1.4 ya ule wa mwanamume. Tofauti huanza kujitokeza msichana anapovunja ungo, huongezeka wakati wa ujauzito, kisha hupanda tena hedhi inapoelekea kukoma, pale joto la ghafla linapomwamsha mtu kalowa jasho. Sonona na wasiwasi, ambavyo huwapata wanawake zaidi, navyo vina sehemu yao.

Lakini kuna jambo linalowakunisha watafiti vichwa. Wakiwalaza watu maabara na kuwabandika nyaya kichwani, usingizi wa wanawake mara nyingi huonekana mzuri sawa na wa wanaume au kuuzidi, hasa ule mzito. Maelezo yapo mengi. Mimi nina langu la pembeni, ambalo si la kisayansi: mwanamume aliyelala vibaya husema amechoka, mwanamke husema hakulala. Yule wa kwanza haingii kwenye takwimu.

Na kuna mtego. Wanawake wanaokatika pumzi usingizini mara nyingi humwendea daktari wakilalamikia uchovu na kukosa usingizi, wala si kukoroma, kwa hiyo huweza kurudi nyumbani na dawa ya usingizi badala ya kupimwa pumzi. Kama unaamka na kichwa kinauma na mdomo mkavu, litaje hilo bila kusubiri kuulizwa.

Babangu ana miaka 74. Saa tisa usiku yuko macho, anazunguka nyumba nzima. Nimwache tu, kwa kuwa wazee hawahitaji usingizi mwingi?

Hayo ya kwamba wazee hawahitaji usingizi yamekuzwa. Jopo la wataalamu wa National Sleep Foundation ya Marekani mwaka 2015 lilipendekeza masaa 7 hadi 9 kwa watu wazima, na 7 hadi 8 kwa waliovuka miaka 65. Kilichokatwa ni saa moja, tena ya juu. Kinachopungua kwa mzee ni uwezo wa kulala kwa mkupuo mmoja: usingizi mzito hupungua, saa ya mwili husogea mbele, na kibofu hakina subira. Ndiyo maana karibu nusu ya wazee hulalamikia usingizi wao.

Hata hivyo, watafiti wakiwatenga wazee wenye afya nzuri na shughuli zao, malalamiko hupungua sana. Umri wenyewe una hatia ndogo. Wenye hatia ni maumivu ya viungo, moyo, dawa, upweke, na kule kusinzia kwenye kiti kuanzia saa nane mchana.

Kabla hujahangaika, mwulize mzee analala saa ngapi. Kama anaingia kitandani saa mbili usiku na kuchapa usingizi, basi saa tisa amekwisha kutimiza masaa yake saba. Huyo hana ugonjwa, ana ratiba. Mwekeeni taa na mazungumzo jioni ili achelewe kidogo kulala. Na kama anameza dawa ya presha ya aina inayokojoza, mwulizeni daktari kama inaweza kuhamia asubuhi. Nimeona nyumba iliyohangaika na "kukosa usingizi" kwa mzee miezi kadhaa, kumbe ni kidonge hicho tu kilichokuwa kikimezwa baada ya chakula cha usiku.

Nilikaa macho usiku kucha. Asubuhi mke wangu ananiambia nilikoroma mpaka akahamia sebuleni. Nani mwongo?

Hakuna. Ubongo haulali wote kwa mara moja kama taa inayozimwa. Wapo watu ambao vipimo vyao vya maabara huonyesha wamelala masaa sita, na wao huapa hawakupata hata lepe la usingizi. Hawadanganyi, kwani walichokipitia ni usingizi wa mang'amung'amu ambamo sehemu fulani ya ubongo imebaki zamu, ikisikiliza. Kila wanapozinduka kidogo hukumbuka kuzinduka kule, na kilichokuwa katikati hufutika. Asubuhi kumbukumbu inaunganisha vipande vya macho, inavifanya kuwa usiku mzima.

Jambo hili linavuruga hata takwimu tunazozungumzia, maana karibu zote hutokana na watu kujieleza wenyewe. Na huo ndio utaratibu sahihi. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, wala hauhitaji kulazwa na nyaya kichwani. Nyaya huja kunapokuwa na shaka ya kitu kingine. Na kwako kaka, shaka ipo: koromo la kumhamisha mtu sebuleni lastahili kuchunguzwa. Mwulize mkeo kama huwa unanyamaza ghafla katikati ya koromo, kisha unashtuka kama mtu aliyeibuka majini.

Si simu hizi tu ndizo zilizotuletea haya? Zamani watu walilala.

Zamani gani? Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi vya Wahadza wa Tanzania, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, jamii zinazoishi bila umeme. Ungetegemea wawe wanalala kuku wanapolala. Wapi! Usingizi wao ulianza zaidi ya masaa matatu baada ya jua kuzama, na usingizi wao halisi ulikuwa wastani wa masaa 5.7 hadi 7.1. Hauwazidi watu wa mijini, na kwa wengine ni pungufu.

Ila sasa sikiliza hili. Waliosema hukosa usingizi mara kwa mara walikuwa kati ya asilimia 1.5 na 2.5 tu. Wasani na Watsimane hata neno la tatizo hilo hawakuwa nalo. Sisi wenye Kiswahili tunayo ya kugawa: kukesha, kugaagaa, kukosa lepe, kukodoa macho.

Nimeurudia utafiti huo mara nyingi kwa sababu unatenganisha mambo mawili tunayoyachanganya. Uchache wa masaa ni jambo moja, na kukosa usingizi ni jingine. Mtu anaweza kulala masaa sita kila siku asiwe na tatizo lolote, na mwingine akalala sita hizo hizo akiwa amezipigania kwa masaa tisa kitandani. Takwimu za kukosa usingizi zinamhesabu huyu wa pili.

Kuhusu simu, sikatai kwamba tatizo linaongezeka mahali fulani. Huko Norwei walipima watu wazima mara mbili, miaka kumi ikipita katikati: mnamo 2000 waliotimiza vigezo walikuwa asilimia 11.9, mnamo 2010 wakawa 15.5. Lakini angalia miaka hiyo. Simu za kisasa ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mifukoni. Mwanga wa kioo huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, ndiyo, ila kwa maoni yangu mwanga si mkosaji mkuu. Ujumbe wa bosi unaoingia saa nne usiku ungekukosesha usingizi hata kama ungeletwa kwa karatasi.

Mtu anaweza kufa kwa kukosa usingizi?

Kwa huku kugaagaa kwenu, hapana. Upo ugonjwa wa ubongo wa kurithi unaoua na ambao kukosa usingizi ni dalili yake mojawapo, lakini ni nadra mno, hujulikana kwa familia chache duniani. Mwaka 1964 kijana wa Kimarekani wa miaka 17, Randy Gardner, alimaliza jaribio la kukaa macho siku 11 kwa makusudi. Alilala masaa kama 14, akaamka, akaendelea na maisha yake. (Uzeeni alikuja kusema usingizi umemkimbia kweli. Dunia ina mzaha.) Hatari iliyo karibu yenu ni usukani. Ukisinzia, usiendeshe.

Nimepewa vidonge vya usingizi na vinanisaidia. Niendelee navyo mpaka lini? Na kama si vidonge, ni nini? (Nimechoka)

Swali hili limeletwa na watu wengi kuliko yote, kwa hiyo nalipa nafasi.

Vidonge vina mahali pake, na mahali penyewe ni pafupi: siku au wiki chache, wakati wa msiba, upasuaji, mtikisiko. Baada ya hapo mwili huvizoea. Na si vyepesi kama vinavyoonekana. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dozi ya kuanzia ya zolpidem, mojawapo ya vidonge hivyo, kwa wanawake ishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya kuonekana kwamba asubuhi damu bado ilikuwa na dawa ya kutosha kumfanya dereva awe hatari. Mwaka 2019 mamlaka hiyo ikaongeza onyo zito kwa dawa za kundi hilo, kwa ajili ya watu waliotembea, kupika, hata kuendesha gari wakiwa usingizini. Usiviache ghafla lakini. Ukikatiza tu, kukosa usingizi hukurudia vibaya kuliko mwanzo, nawe utadhani ndio ugonjwa wako halisi. Panga kupunguza pamoja na aliyekuandikia.

Sasa, kwa nini tatizo hudumu? Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake walieleza kwa namna ambayo naipenda mpaka leo, nami naitafsiri kwa moto. Kuna kuni kavu: wewe ulivyozaliwa, mwepesi wa kuamka, mwenye mawazo mengi. Kuna kiberiti: talaka, mtihani, idara mpya. Kisha kuna kupuliza. Kiberiti huzimika chenyewe baada ya wiki, lakini wewe umeshaanza kupuliza: unaingia kitandani saa tatu "ili niwahi", unalala mchana kufidia, unaongeza kahawa, jioni unaanza kuogopa usiku. Kitanda kinageuka uwanja wa vita. Miezi mitatu baadaye talaka imesahaulika, moto unawaka. Canada waliwafuatilia watu wenye tatizo hili kwa miaka mitatu, na karibu nusu yao, asilimia 46, walikuwa nalo muda wote huo.

Tiba inayoshika mkono wa anayepuliza inaitwa tiba ya utambuzi na tabia kwa wasiolala. Chama cha madaktari bingwa wa tiba za ndani cha Marekani mwaka 2016 kilisema hiyo ndiyo iwe ya kwanza kwa kila mtu mzima mwenye tatizo sugu, kabla ya dawa. Kiini chake kitakushangaza, maana unaambiwa ukae kitandani muda mfupi zaidi. Tuseme unaingia saa tatu usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, masaa tisa, na humo unalala matano na nusu. Utaambiwa uingie saa sita usiku na utoke saa kumi na mbili ile ile, kila siku, hata Jumapili. Ukikaa macho kwa muda unaouona kuwa mrefu, toka, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi macho yanapolegea. Usingizi ukijaa katika hayo masaa sita, unaongezewa dakika 15 kwa wiki.

Wiki ya kwanza ni jehanamu. Nasema kwa uzoefu. Nilikuwa nikisinzia nikiwa nimesimama, na nilimchukia kila aliyepiga miayo karibu yangu. Wiki ya tatu nililala usingizi wa pono. Ila wenye kifafa, wenye ugonjwa wa akili unaopanda na kushuka, na madereva wa kazi wasijaribu bila mtaalamu.

Jambo moja dogo lililonisaidia kuliko nilivyotarajia: saa. Nilikuwa na saa ya mezani yenye tarakimu nyekundu. Kila nikizinduka nilipiga hesabu, nikilala sasa hivi nitapata masaa manne, nikilala sasa matatu na robo. Hesabu hiyo ni ya kuamsha, si ya kulaza. Usiku mmoja nikavua soksi nikaivika ile saa. Sijaivua mpaka leo, kengele nasikia vizuri tu.

Samahani kwa kukuuliza, lakini wewe siku hizi unalala? (uliingia saa tisa na dakika kumi na mbili usiku)

Nalala. Si kila siku. Juzi nilizinduka, sijui saa ngapi, giza totoro, nikajua kabisa usingizi umekata. Nikatoka sebuleni, nikawasha taa ndogo, nikaanza kukunja nguo zilizokuwa kwenye kapu tangu Jumamosi. Mashati, taulo, mashuka yale ya kona za mpira yasiyokunjika. Nilipofika kwenye soksi macho yalikuwa yameshaanza kulegea. Zote zilipata wenzake, ikabaki moja ya bluu. Nikaitafuta pacha wake chini ya kiti, ndani ya kapu, nyuma ya mlango, mpaka nikakumbuka iko wapi, nikazima taa nikarudi kulala.